Televisheni ya Bibi Haijafa

Jumatatu, 5 Agosti

Televisheni ya Bibi imezima. Saa kumi na moja na dakika nne jioni, pale pale yule mwanamke wa kwenye tamthilia, mwenye sura ya bandia, aliposhika kitasa cha mlango wa mume wake wa zamani. Giza! Sauti inaendelea. Mlango ukalia ngwii, mtu akapiga yowe, na sisi hatujui ni nani.

Nilizima, nikawasha. Picha ikaja, safi kabisa. Sekunde mbili. Giza tena. Bibi aliizaba kofi la ubavuni, kofi la mtu aliyelea watoto sita. Wapi!

Kaka yangu, tunayemwita Profesa kwa sababu anasoma chuo na hajawahi kukosa jibu, alikuja akaweka sikio kwenye kioo, akatangaza kwamba marehemu ametutoka saa kumi na moja na dakika tisa. Alisema televisheni hii ni kubwa kuliko mimi kwa umri. Na je? Bibi ametupita wote kwa umri na hakuna anayemtupa.

Sasa balaa lenyewe. Bibi alichukua simu akampigia Shangazi. Shangazi ana televisheni pana kama mlango, ana chumba kitupu, na mwaka wa tatu huu anambembeleza Bibi ahamie kwake. Bibi alimwambia aje amchukue Jumamosi saa tisa alasiri, maana tamthilia inaisha Jumamosi. Akishafika huko, ataangalia kama kuna haja ya kurudi.

Kuangalia kama kuna haja!

Bibi ndiye mtu pekee ninayeongea naye. Tunalala chumba kimoja, na nikiwa naye naongea kama redio. Mbele ya watu wengine ulimi unakuwa tofali. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na mimi nimefaulu kunyamaza kwa zote mbili.

Na hili liishie hapa kwenye daftari. Tangu Aprili mwanga wa televisheni uko mia. Niliupandisha mimi, kwa sababu ya jua la dirishani. Sidhani kama inahusiana.

Haondoki mtu hapa.

Jumanne, 6 Agosti

Mama amenituma kwa fundi. Mimi! Nilimwambia amtume Profesa. Akasema Profesa akienda atamfundisha fundi kazi, na fundi atakasirika.

Fundi ana kibanda kando ya duka la dawa, kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Mara ya kwanza nilipita kupeleleza. Mara ya pili nilipita kuthibitisha. Mara ya tatu nilijikaza kisabuni, nikaingia. Fundi akainua macho, akasema karibu binti, nikusaidie nini.

Kichwani nilikuwa na sentensi nzima, imenyooka, ina mwanzo na mwisho. Mdomoni ikatoka: "Betri."

Akauliza ngapi. Nikasema nne. Akanipa. Nikasema asante, marahaba. Marahaba! Kwa mzee mwenye mvi, ambaye wala hakuwa ameniamkia! Nilitoka mbio.

Mama aliuliza fundi kasemaje. Nikasema ana kazi nyingi mno wiki hii. Si uongo. Kibanda kilijaa.

Na betri hazikwenda bure. Nilisoma kwenye simu ya Mama, kurasa kumi na moja za Kiingereza, kwamba televisheni ikiwa na sauti bila picha uimulike kioo kwa karibu. Nikatia betri kwenye tochi, nikamulika. Mungu wangu! Mtu! Mtu mdogo, wa kijivu, anatembea humo gizani na mdomo wake unacheza! Picha ipo! Kilichozimika ni taa za nyuma ya kioo tu.

Nilikimbia kumwambia Profesa kwamba marehemu anapumua. Akasema hata maiti huota kucha.

Sihitaji fundi.

Jumatano, 7 Agosti

Mbinu ya kwanza. Picha inakaa sekunde mbili kila ukiwasha. Vizuri! Basi washa, zima, washa, zima, na Bibi ataona tamthilia nzima kwa vipande. Hesabu haidanganyi.

Saa kumi na moja nilikaa na rimoti, kidole gumba tayari. Bibi alivaa miwani. Baada ya dakika tano aliuliza mbona leo watu wote wanarukaruka kama panzi. Baada ya kumi alisema kichwa kinamzunguka, na kwamba ameona mkono mmoja, pazia, na mtu anayepiga chafya. Kisha kitufe cha rimoti kikazama ndani na kukataa kutoka.

Mbinu ya pili, tochi. Nilipiga magoti kando ya kioo nikamulika. Duara lenyewe si kubwa kuliko sahani. Bibi akaanza kunielekeza kama anayeegesha lori. Panda. Panda tena. Hilo ni tumbo, mjukuu wangu, mimi nataka uso. Shuka. Sasa umempita!

Mkono ukafa ganzi. Ikabidi yale nisiyoweza kuyamulika niyasimulie. Na yale nisiyoyaona kabisa, nani atanishtaki? Sauti ilipiga pa-ka-pa, pa-ka-pa, huenda ni mvua kwenye bati. Nikasema ni farasi. Nikasema yule mwanamke kapanda farasi mweupe, anakwenda kumdai mumewe mtoto wao. Bibi akasogea karibu. Akauliza farasi kampata wapi. Nikasema alimficha tangu mwanzo, nyuma ya nyumba, ndiyo maana alikuwa anatoka asubuhi na ndoo. Bibi akapiga paja lake: alijua! Ile ndoo siku zote ilimtia wasiwasi!

Profesa alisimama mlangoni, akauliza kama tunaangalia televisheni au tunaifanyia upasuaji. Bibi akamfukuza kwa kandambili.

Hata hivyo begi la Bibi limetolewa juu ya kabati. Liko kitandani, mdomo wazi. Sipendi linavyonitazama.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefungua televisheni.

Kwanza nilisoma kijitabu chake, cha Kiingereza kitupu. Ukurasa wa tatu wameandika kwamba humo ndani hamna kitu cha kutengenezwa na mtumiaji. Dharau gani hii? Mimi si mtumiaji. Mimi ni mjukuu.

Nilichomoa waya ukutani, nikasubiri nusu saa nzima, maana zile kurasa zilisema umeme hubaki umejificha ndani hata baada ya kuchomoa. Nilivaa glavu za mpira za Mama za kuoshea vyombo. Skrubu kumi na nne. Nilizipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Sikugusa kitu. Nilitazama tu, mikono mgongoni kama mkaguzi.

Na niliona! Kwenye ubao wa umeme kuna vipipa vidogo, vimesimama kama vizibo, kazi yake kutunza umeme. Vinaitwa kapasita. Vyote vichwa bapa, isipokuwa viwili. Hivyo viwili vimevimba, na kimoja kimevuja uji wa kahawia. Nilipiga picha kwa simu. Nililia kidogo kwa furaha. Mimi, peke yangu, nimegundua ugonjwa!

Profesa aliingia, akainama, akasema ni vumbi tu. Akavuta pumzi, akapuliza. Vumbi la miaka kumi na tano likamrudia lote usoni. Akabaki mweupe hadi kope. Siku nzuri sana.

Nilifunga. Skrubu zilizoingia ni kumi na mbili. Mbili zimebaki. Kiwanda kiliweka za ziada, nadhani.

Sasa mtu abadilishe vile vipipa viwili. Mtu mwenye vifaa. Nimefikiri sana. Lazima iwepo njia nyingine.

Ijumaa, 9 Agosti

Njia nyingine ni jua.

Nani kasema taa lazima ikae nyuma? Saa kumi na moja jua linaingia dirishani kwetu moja kwa moja. Nilibeba kioo kirefu cha Mama cha kujitazamia, nikakiegemeza kwenye kiti, nikaelekeza jua kwenye televisheni. Tochi kubwa kuliko zote duniani! Bila betri!

Jua liligonga kioo cha Mama, likagonga kioo cha televisheni, likarudi moja kwa moja kwenye miwani ya Bibi. Bibi alipiga ukelele kwamba ameona nuru na bado hajajiandaa. Nilirukia kiti. Kiti kikateleza. Kioo cha Mama kilianguka taratibu sana, kwa heshima, kikavunjika vipande vitatu.

Na Mama akaingia wakati huo huo. Hakukitazama hata hicho kioo! Alikuwa amekutana na fundi njiani, akamwambia pole na kazi nyingi. Fundi kashangaa. Akasema wiki nzima amekaa akisubiri kazi, hajaletewa habari ya televisheni yoyote, ila Jumanne alikuja binti mmoja akanunua betri nne, akampa marahaba, akatoweka.

Profesa alicheka mpaka akakaa chini. Ameniapia kwamba kuanzia leo ataniita Marahaba.

Mama alisema maneno mengi. La mwisho ndilo lililoniingia: kwamba kama Bibi anaondoka kesho, ajue ni kwa sababu mjukuu wake alishindwa kusema sentensi moja. Bibi alikuwa anakunja mitandio yake, anaiweka begini, mmoja mmoja. Akaniomba nishike upande wa pili tukunje pamoja. Nilishika. Nilikunja vibaya makusudi. Kila mtandio alirudia kuukunja upya.

Jumamosi, 10 Agosti

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa fundi. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Kama mdomo hautaki, macho yatausomea.

Fundi aliponiona akanyoosha mkono kwenye droo ya betri. Nikatikisa kichwa. Nikafungua karatasi, nikasoma bila kupumua: "Shikamoo. Televisheni ya Bibi ni ya kioo bapa, ya zamani. Sauti ipo. Picha inakaa sekunde mbili, inazima. Kwa tochi inaonekana. Kwenye ubao wa umeme kapasita mbili zimevimba, moja inavuja. Picha yake hii hapa. Bibi anaondoka saa tisa. Tafadhali. Mwisho."

Neno "mwisho" pia nililisoma.

Fundi akasema miaka ishirini watu wanakuja hapa na neno moja, imekufa, na leo mtu kamletea barua ya daktari. Akabeba mkoba wake.

Kazi yenyewe ilichukua dakika ishirini. Aling'oa vipipa viwili vibovu, akachomelea vipya, akawasha. Sekunde mbili. Tatu. Kumi. Dakika! Chumba kizima kikawa cha bluu! Bibi alipiga vigelegele. Fundi akauliza skrubu mbili ziko wapi. Niliziokota kwenye kifuniko bila kutazamana na mtu. Kisha akafungua mipangilio, akaguna, akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili ni nani aliyepandisha mwanga mpaka mia, anataka kuikaanga? Akaushusha hadi hamsini.

Nilimtazama Profesa. Profesa ana sura ambayo siku zote inaonekana ina hatia. Mama akamtazama pia. Nikaacha.

Shangazi alifika saa tisa, kapaki mlangoni, mlango wa gari wazi kabisa. Bibi akamwambia aketi kwanza, tamthilia iishe. Ikaanza, ikaenda, ikaisha. Yule mwanamke alivua sura ya bandia, mume akazimia, wakasameheana jikoni. Bibi akageuka. Akauliza farasi yuko wapi.

Shangazi akamwambia Bibi hakuna farasi, hakukuwa na farasi hata siku moja, yeye kaiona yote. Bibi alimtazama kwa huruma. Akasema basi kwake huko wanaonyeshwa nusu tu. Akaniambia nipandishe begi juu ya kabati, na Jumatatu inaanza tamthilia mpya, nikae pale pale karibu.

Nilipandisha begi kwa mkono mmoja.

Jumapili, 11 Agosti

Matokeo: Bibi yupo. Na sababu iko wazi kwa kila mwenye akili, ni ufundi wangu. Fundi alimalizia tu. Bibi anashikilia kwamba ni yule farasi, lakini Bibi haelewi mambo ya umeme.

Profesa kalaumiwa kwa mwanga wa mia na hajui ajitetee vipi. Kila akifungua mdomo Mama anamwambia anyamaze. Anaitazama televisheni kwa muda mrefu sana. Nilikusudia kukiri leo wakati wa chakula. Akaniita Marahaba. Nikaahirisha.

Jioni Bibi alilalamika jua la dirishani linafuta nyuso za watu. Hamsini haitoshi, ni kweli kabisa. Fundi hakai chumba hiki, atajuaje? Nimepandisha. Tisini na nane tu. Mia ilikuwa makosa, hilo nakubali.

Kisha Mama alinituma kwa fundi na mkebe wa biskuti, nimpe shukrani kwa niaba ya nyumba nzima. Sentensi moja tu, alisema, na sasa umezoea. Kweli nimezoea. Sikuchukua hata karatasi. Nilipita kibanda mara mbili tu safari hii, nikaingia kifua mbele, nikaweka mkebe mezani. Fundi akatabasamu, akasema karibu, daktari.

Nimerudi na betri nne.

Nimeziweka kwenye droo, karibu na tochi. Zinaweza kuhitajika.