Zulia la Katibu Silvano

Katika milima yote ya Usambara hakuwahi kutokea mtu aliyejua kuishi kistaarabu kumzidi Silvano, katibu wa tawi letu la chama kule Gare. Kama huamini, ungemuuliza mwenyewe. Hakuwa akikawia kujibu.

Mwaka ule wa vijiji vya ujamaa zilivuma habari kwamba mkubwa mmoja wa wilaya angepita kuchagua katibu wa kumpeleka ofisini Lushoto mjini. Silvano akaikagua nyumba yake, akaona kasoro moja tu: uwanja. Ulikuwa udongo mtupu uliofagiliwa ukang'aa, kama nyua za mama zetu wote, siku zile ambazo mgeni alimjua mwenye nyumba kwa ufagio wake. Ushamba gani huo! Wakubwa hukanyaga majani.

Akaukumbuka ukoka wa yule Mzungu aliyeuza shamba lake la kahawa akarudi kwao. Lakini kung'oa ukoka, kuukata vipande vyenye mizizi, kuupandikiza mstari kwa mstari na kuumwagilia ni kazi ya kuvunja mgongo, na mgongo wa katibu ni mali ya taifa. Akaitisha mkutano, akatangaza kwamba uwanja wake sasa ni shamba la ujamaa na ukoka ni mali ya kijiji kizima. Asiyekuja kupanda ni mnyonyaji.

Watu walikuja. Zamani ukiwaita watu kulima unawapikia. Safari hii walipikiwa hotuba.

Mvua ikanyesha. Ukoka ukatambaa, ukashikana, ukafunika udongo wote. Silvano aliutazama kutoka barazani kama mfalme aliyeumba bahari yake mwenyewe. Mkewe Secilia alipouliza watoto watawaonaje nyoka humo, aliambiwa aache mambo ya kishamba.

Asubuhi ya ugeni Silvano aliamshwa na sauti ya miundu. Wanawake walijaa uwanjani, wameinama, wanakata. Huku kwetu ng'ombe hukaa bandani na majani humfuata juu ya kichwa cha mama, na hakuna mama anayepita majani mabichi hivi hivi.

“Shikamoo, Bibi Tatu,” alisema Silvano kwa sauti ndogo. “Mnafanya nini?”

“Marahaba, mwanangu. Tunavuna. Si shamba letu?”

“Haya ni majani ya kutazamwa, bibi.”

“Tumeshayatazama. Sasa ni zamu ya ng'ombe.”

Akataka kuwafukuza, akashindwa. Angesema ni mali yake, mnyonyaji angekuwa nani?

Gari la mkubwa lilipofika, uwanja ulikuwa kipara chenye mabaka, na mizigo ya majani imepangwa hadi mlangoni. Mkubwa akashuka, akaitazama, akauliza ni nani aliyebuni shamba hili zuri la malisho. Silvano aliona mlango wa ofisi ya mjini unafunguka. Akaruka mbele, akasema ni yeye, tena peke yake, usiku na mchana.

Mkubwa akamshika mkono. “Mtu kama wewe mjini atapotea bure, kule ni makaratasi tu. Wewe utabaki hapa hapa uwe bwana majani wa kijiji. Utakata, utagawa.”

Makofi yakapigwa. Bibi Tatu hakupiga. Alikuwa ameshika mundu, anasubiri kumkabidhi.