Jinsi Hotipoti ya Pointi Ilivyotekwa Komarock

Njooni, enyi wake kwa waume wa Komarock, nanyi mkaao ng'ambo ya Barabara ya Kangundo! Zimeni redio, epueni sufuria, mwiteni hata yule jirani msiyesemezana naye, kwa maana nataka kunena habari za vita ambavyo nyanya zetu hawakuviona na wajukuu wetu hawataviamini. Kitendawili! Mmesema tega? Semeni kwa nguvu, masikio yangu nayo ni ya kale. Hana tumbo, lakini kila niendapo dukani hula. Hana mkono, lakini iko siku atanipa. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni Kayole yote pamoja na soko lake. Jibu ni kadi ya pointi, kile kipande cha plastiki cha supamaketi, ambacho ukinunua unga hukuwekea chembe ya shukrani, na chembe zikishakuwa nyingi unapewa chombo pasipo kutoa shilingi.

Aliyeishika kadi hiyo ni mimi, Khalayi, mama yake Andati, Malkia wa Mwiko, Mwenye Goti Litabirilo Mvua, niliyehitimu darasa la saba kwa mwandiko mzuri na hesabu mbaya.

Chanzo cha vita kilikuwa ugali. Sisi wanawake wa kanisa tunatembeleana kila mwezi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye zamu hupika. Sasa hotipoti yangu, ile ngome iliyolinda moto wa ugali wangu kwa miaka mingi, ilipasuka kifuniko siku mjukuu wangu Ryan alipoifanya ngoma, na tangu hapo nikawa nafunika ugali kwa sahani na taulo, nikiomba Mungu amalizie kazi iliyobaki. Mungu hakumalizia. Basi mwezi uliopita tulikuwa kwa Muthoki, mama yake Mativo, jirani yangu wa mlango kwa mlango, mwanamke mwenye moyo wa asali na ulimi wa wembe. Tukiwa tumeshiba, akasimama akapangusa mikono, akatangaza mbele ya mkutano wote:

"Kina mama, mwezi ujao ni kwa Mama Andati. Kila mtu aje na sweta. Ugali wa huko unatoka Limuru."

Jamani, walicheka, maana Limuru ni kule kwenye baridi ya kugandisha mifupa! Mke wa mchungaji alicheka akashika ukuta. Hata mimi nilicheka, lakini kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nimekwisha piga mbiu ya vita. Nikaapa, kwa mwiko na kwa mwenzake sufuria, kwamba Jumapili ya zamu yangu ugali utatoka katika hotipoti mpya yenye moto wa tanuru, ama sitakanyaga tena kikao cha kina mama.

Silaha yangu ilikuwa tayari. Kwa muda mrefu nilikuwa nakusanya pointi, na si kwa manunuzi yangu tu, kwa maana manunuzi yangu ni unga, chumvi na kiberiti. Nilikuwa nasimama kando ya kaunta kama chui aliye majanini, na kila apitaye pasipo kadi, nikamrukia kwa upole: "Mwanangu, kama huna kadi, si uweke kwa yangu? Mungu akubariki, upate mke mwema." Vijana wengi wa Komarock wameombewa wake wema pale kaunta. Kama hawajapata, wasije kwangu. Mimi nilitimiza upande wangu.

Ikafika Jumamosi, mkesha wa karamu. Fedha yangu yote ilikuwa imekwisha tekwa na wachinjaji wa soko la Burma kwa ajili ya nyama, isibaki kwangu ila kadi. Nikajivika kwa vita: leso mbili kiunoni, raba za Ryan miguuni, kilemba cha kanisani kichwani. Na ili kadi isije ikadhurika njiani, kwa kuwa ilikaa kifuani na kifua changu kina jasho, nikaipitisha kwanza pale saiba, kwa vijana wa kompyuta, ikavikwe ile nailoni ngumu ivalishwayo vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo. Ikapita katika mashine ya moto ikatoka inameremeta, imejipinda kidogo kama chapati iliyokaa sana juu ya kikaango. Nikasema, hakika hii ni deraya. Si ndivyo tunavyofanya kwa kila kitu cha thamani?

Nikaingia supamaketi. Nikaiona hotipoti kule juu rafuni, kubwa, nyekundu, yenye maua ubavuni, ikinitazama kama bibi arusi. Nikaibeba mpaka kaunta, nikaitoa kadi kifuani mbele ya keshia, msichana aitwaye Marion, mwenye kucha ndefu kama mikuki. Akaipitisha mara moja. Akaigeuza, akaipitisha tena. Akaisugua kwa sketi.

"Shosh, hii kadi mliipika?"

"Sikuipika, mwanangu. Nimeivika deraya."

"Basi deraya imeiua. Mashine haisomi."

Nikanyoosha mkono kuelekea dari, nikanena kwa sauti kuu: "Ewe binti, mlinzi wa lango hili! Nimevuka Barabara ya Kangundo kwa goti lililolia kila hatua. Nimeombea wana wa watu wake wema hapa hapa uliposimama. Je, utanirudisha mikono mitupu kwa adui zangu?"

"Shosh, punguza mistari, watu wamejaa. Nipe tu namba ya simu ulijiandikisha nayo."

Na hapo, enyi wasikilizaji, vita vikanigeukia. Kwa maana siku ile ya kujiandikisha simu yangu ilikuwa imezama katika karai la nguo, na jirani mmoja mwema, aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni, alisema, "Weka yangu, Mama Andati, kwani iko nini?" Na jirani huyo alikuwa nani? Alikuwa Muthoki.

"Inatuma namba ya siri kwa hiyo simu," akasema Marion. "Mpigie akusomee."

Ikanibidi nimwombe adui upanga wa kumchomea. Nikapiga. Nanyi mjue kwamba simu yangu, tangu izame karaini, hunena kwa spika peke yake, hivyo foleni nzima ikaingia vitani pamoja nami.

"Mama Mativo, umeingiwa na meseji sasa hivi. Tafadhali nisomee hiyo namba."

Spika ikanguruma: "Shindwa! Mwizi wewe!"

"Ni mimi, Mama Andati! Si unaona namba yangu?"

"Siku hizi mnaiba hata namba za watu. Mnanitumia meseji kila wiki, ati nimepata pointi, nami nafuta tu. Na Mama Andati mwenyewe hajawahi kuniambia tafadhali tangu nimjue."

Foleni ikaguna. Nyuma yangu alikuwa Ndolo, dereva wa lori wa Industrial Area, na pakiti moja ya maziwa mkononi. "Mama," akasema, "haya maziwa yataganda tukiwa hapa."

"Haya," akasema Muthoki, "kama ni wewe kweli, tegua hiki. Mlaghai hawezi. Kitendawili!"

"Tega," nikasema, kwa kuwa vitendawili ni udhaifu wangu na anaujua.

"Anapikia Nairobi, watu wanakula Limuru."

Nalijua jibu. Nikisema sijui, hotipoti inarudi rafuni na kesho sweta zote za kanisa zinaingia kwangu. Nikisema najua, foleni hii yote itajua pia, na hawa ndio watu ninaowaomba pointi.

"Ni nani huyo, mama?" Ndolo akauliza. "Mtaje twende nyumbani."

"Ni mimi," nikasema, kwa sauti ya kuku aliyelowa.

"Sikusikia. Network mbaya."

"NI MIMI! KHALAYI! MAMA ANDATI!"

"Woi, kumbe ni wewe kweli! Si ungesema mapema?" Akasoma namba, tarakimu kwa tarakimu, kwa madaha ya mtu anayetawaza mfalme. "Na unachukua nini huko?"

"Utakiona kesho."

Foleni ikapiga makofi, Ndolo akayapiga na maziwa yake. Marion akatazama skrini, akanitazama kwa huruma.

"Shosh, pointi zako hazifikii hii kubwa. Zinafikia ile ya mwisho pale chini."

Nikainama, goti likalia, nikaiona. Hotipoti ya kutosha ugali wa mtu mmoja, tena asiye na njaa. Nikaichukua. Shujaa hachagui nyara.

Ikawa Jumapili. Wakaingia kina mama, na wa mbele alikuwa Muthoki, jua la Komarock likiwaka vile, amevaa sweta ya sufu iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Wakacheka mpaka kwenye ngazi. Nikawawekea wote ugali katika sinia, chini ya sahani na taulo kama kawaida yake. Na mbele ya Muthoki peke yake nikaiweka ile hotipoti ndogo, imefungwa kifuniko tangu ugali ulipotoka motoni.

Akafungua, akazamisha vidole vyote vitano.

"Uwii! Vidole vyangu!" Akaruka, akapuliza, akavitia kinywani, akavitoa, akapuliza tena.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" nyumba nzima ikajibu.

"Alikuja na sweta, akapuliza vidole."

Muthoki alijibu chini chini, akifungua vifungo vya sweta. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Sikusikia," nikasema. "Network mbaya."

"Ni mimi!" akapaza sauti, akicheka mpaka machozi. "Muthoki! Mama Mativo!"

Wengine wote walikula Limuru yao na hakuna aliyelalamika. Basi iandikwe na isomwe, wenye madarasa mengi wawasimulie wenye machache: siku hiyo, katika Komarock, mbele ya mashahidi na mke wa mchungaji, sweta ilivuliwa ikatundikwa nyuma ya mlango wangu. Ipo mpaka leo. Akitaka kuichukua, aje ategue.