Wa Pili Kati ya Wawili

Jumanne, 3 Machi 1998

Miaka ishirini na saba na miezi minne tangu niondoke Leningrad. Mji umebadilishiwa jina. Mimi sijabadilika. Nina miaka sitini na minne, goti moja zima, na medali sita za fedha za mashindano ya wakongwe wa kuteleza barafuni, hapa Ontario, Kanada. Fedha! Lakini niandike kwa usahihi: katika wakongwe wa jozi hushindana jozi mbili tu. Miaka sita nimekuwa wa pili kati ya wawili.

Nyumbani, enzi zetu, Raisa Pavlovna, mwenzangu wa barafuni, na mimi tulikuwa wa nne. Mara saba. Hakuna anayemkumbuka wa nne.

Leo baada ya mazoezi Raisa alikuwa anafungua kamba za viatu vyake vya barafu. Akanitangazia kwamba mashindano ya Jumamosi ndiyo mwisho wake. Aprili daktari anamwekea goti la chuma. Kasema nisimbembeleze, amechoka kurushwa kama gunia la viazi na mzee anayehema kama garimoshi.

Basi ni Jumamosi hii au kamwe.

Adui ni Gleb Arkadyevich Shchukin, mtu wa Moscow mwenye meno yake yote. Mwenzake ni Doreen, muuguzi mstaafu wa hapa hapa, anayecheka hata akianguka.

Nimepata mbinu. Kwetu maua ya idadi shufwa ni ya maiti. Aliye hai hupewa matatu, matano, saba. Nimeagiza mawaridi meupe manane yapelekwe uwanjani, kwa Gleb, bila jina. Huyu hutema mate mara tatu akiona paka mweusi. Atatetemeka mpaka Jumamosi!

Jumatano, 4 Machi

Maua yamefika. Aliyeyapokea ni Doreen. Akayasifu, akachomoa moja, akalichomeka kwenye nywele zake.

Gleb akakuta saba.

Saba! Akayahesabu mbele yetu sote, akafurahi kama bwana harusi, akauliza ni bibi gani huyu anayempenda kimyakimya. Kisha akamrusha Doreen juu kama kijana wa miaka ishirini. Raisa akaniambia, bila kunitazama, kwamba wanaume wengine hupata maua.

Jumatano mbaya.

Alhamisi, 5 Machi

Mbinu ya pili. Karibu watelezaji wote duniani huzunguka kushoto. Raisa na mimi huzunguka kulia. Ndiyo sababu kocha alitukutanisha mwaka 1952: hakuna mwingine aliyeweza kumrusha yeye, na hakuna mwingine aliyekubali kurushwa na mimi. Mazoezini, barafu ikiwa ya wote, sisi ni lori linalokuja upande usio wake.

Gleb humrusha Doreen katika kona ya mbali. Leo kila akifika, ananikuta. Nateleza kinyumenyume, mikono imenyooshwa, macho juu kama mtakatifu ukutani. Mara ya kwanza akapisha. Mara ya pili akapisha na kuinamisha kichwa. Mara ya tatu nikageuka nimwone anavyoumia.

Nikaugonga ukuta.

Doreen akapiga magoti barafuni, akanipima mapigo ya moyo, akaniita kipenzi, akacheka. Raisa hakucheka. Akasema mbele ya uwanja mzima kwamba mzee mwenye mvi hazibi watu njia kama mlevi mlangoni, na kwamba nisipomwomba Gleb radhi, Jumamosi niteleze na ufagio.

Ufagio hauzunguki kulia. Nimefikiri sana.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeomba radhi. Nilipanga maneno tisa, yakatoka kumi na moja.

Gleb akanikumbatia. Akalia! Akaniingiza jikoni kwake, akanipa samaki wa chumvi, viazi, na kikombe kidogo cha vodka, kisha kingine. Kaseti yao ya mashindano ilikuwa inalia pale dirishani, ule muziki wao wa dansi ya waltz. Nikajikuta naugonga mezani kwa kidole. Naujua wote. Miaka sita nimewapeleleza nyuma ya nguzo, daftari mkononi.

Akaniambia kwamba tunapozunguka sisi, yeye huacha mazoezi atutazame. Hajaona jozi nyingine inayozunguka kulia iliyo safi hivyo. Ndugu yangu, akasema, ninyi mlidhulumiwa.

Janja! Anataka kunilainisha. Nimerudi na mtungi wa matango yake ya chumvi. Ni mazuri mno, nasikitika kuandika.

Jumamosi, 7 Machi

Kabla ya kuondoka tuliketi kimya juu ya masanduku, kama inavyopasa kabla ya safari. Tukatoka. Kilomita ya kumi na mbili, Raisa akauliza kaseti yetu iko wapi.

Iko juu ya meza yangu ya jikoni.

Akasema geuza gari. Nikakataa. Kwetu mtu akishatoka hafuati alichosahau. Akirudi tu, safari imeharibika. Akasema basi nirudi kisha nijitazame kwenye kioo, nuksi itaondoka, hata mtoto anajua. Nikasema nimejitazama kwenye kioo kabla ya mashindano yote saba. Akaninunia kilomita thelathini.

Mwamuzi mkuu akasema bila muziki hakuna kuteleza. Akatupa dakika kumi. Gleb na Doreen walikuwa wameshateleza, na vizuri. Nikamwona Gleb anakuja. Nikajua anakuja kunicheka.

Akanipa kaseti yao.

Raisa akaninong'oneza, kwa hofu, kwamba muziki huu haujui. Nikamwambia mimi naujua, anisikilize. Tukaanza. Sasa, nikamwambia. Bado. Sasa! Kila pigo lilikuwa kichwani mwangu. Nikamrusha. Akatua kwa mguu mmoja, wa goti lile bovu, na goti likamshika! Kisha ule mzunguko wa mwisho: mimi nimezama mahali pamoja kama msumari, yeye nimemshika mkono mmoja, amelala nyuma, nywele zake nyeupe zinafagia barafu. Kwa kulia. Tulipanga mara mbili. Akasema tatu. Tukazunguka tatu.

Wa kwanza kusimama na kupiga makofi alikuwa Gleb, mpumbavu.

Majaji watatu kati ya watano. WA KWANZA! Raisa akalia, akasema ni goti. Mimi pia goti liliniuma sana, mpaka machoni.

Jumapili, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Nimempelekea Raisa keki ya asali.

Nimechambua ushindi kwa utulivu. Yote yalikuwa mipango. Nisingegonga ukuta, Gleb asingelegea. Nisingepeleleza, nisingeujua muziki. Hata kuisahau kaseti kulihitaji kipaji. Raisa kasema nilihitaji kichwa tu, na kwamba amestaafu, basi. Nikamweleza kwamba chuma ni imara kuliko mfupa. Akanifungia mlango, keki akabaki nayo. Nimeshamwandikia daktari wake, kwa jina la dada wa Raisa, nikiomba goti linalofaa kutua kwa kuzunguka kulia. Msimu unaanza Novemba.

Gleb amepiga simu. Julai anakwenda kule kwetu kutembea, akataka twende pamoja nikawaoneshe dhahabu majaji walioniandika wa nne. Nikawahesabu. Wamekufa wote isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyetupa alama nzuri. Uwanja wetu sasa ni duka la samani. Na Raisa Pavlovna anakaa ng'ambo ya barabara hii, ghorofa ya tatu, pazia la kijani.

Nikamkatalia. Anadhani naogopa ndege. Aende tu! Julai nzima kona ya mbali itakuwa yangu, na Doreen atakuwa peke yake bila wa kumtahadharisha. Naweza kumfundisha vibaya.

Leningrad sitarudi.