Yahusu Gari Mlevi Ulilonishauri Kununua

Pedra Rala, tarehe 19 Julai

Ndugu Valdomiro Furquim,
Msimamizi wa Matangi, Kiwanda cha Spiriti ya Miwa.

Kaka,

Nakuandikia kwa cheo chako, maana kwa udugu hupokei simu. Mama yako anaendelea vizuri, ingawa hukuuliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ni shemasi wa kanisa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na tone la pombe halijapita kooni mwangu. Wewe ukaja na maneno yako: "Dada, nunua gari linalokubali vyote viwili, petroli na spiriti ya miwa. Ukijaza ya miwa, unatulisha sisi wa nyumbani." Nikakuamini. Sasa Gilmar wa kituo cha mafuta akiniona tu naingia hupaza sauti: "Bi Deolinda! Ya miwa kama kawaida? Nijaze mpaka shingoni?" Jumapili moja wanakwaya walikuwa wanapita. Tangu hapo mchungaji ameshahubiri mara mbili kuhusu ulevi wa Nuhu, macho yote kwangu.

2. Gari lenyewe linakunywa kumshinda marehemu Baba Mdogo Osório. Kwa petroli nilikwenda kwa Mama na kurudi wiki nzima. Kwa maji yako ya miwa, ikifika Alhamisi mshale umeshalala. Ukanijibu kitaalamu kwamba spiriti ina nguvu pungufu lakini ni rahisi. Osório naye aliitetea chupa yake kwa maneno hayohayo.

3. Asubuhi za baridi haliamki. Ulisema: "Chini ya boneti kuna kitanki kidogo, Dada. Tia petroli humo, ya kuliamshia." Yaani kama walevi wote, nalo linataka ya kuzimua! Nilitii, nikatia. Halikuamka.

4. Jumanne alfajiri, nimelala kwa Mama, umande umeganda juu ya majani, Mama akashika kifua. Nikamlaza kiti cha nyuma, nikawasha. Likakohoa. Nikawasha tena. Likakohoa, likanyamaza. Wa ambulensi wakasema dakika arobaini. Kaka, nilipiga magoti barabarani nikaliombea gari, mimi ambaye sijawahi kuombea hata ng'ombe. Majirani wanne wakatoka na blanketi mabegani, wakalisukuma mteremkoni mpaka likashtuka. Mama, midomo imeshabadilika rangi, akasema, "Valdomiro angekuwepo, lingewaka." Nilikuwa nikiendesha huku nalia, na njia yenyewe siioni vizuri.

Daktari anasema ni moyo, na kwamba tungechelewa nusu saa, barua hii ingekuwa ya aina nyingine. Wamemlaza mpaka kesho.

5. Kwa hiyo nadai kiwanda chako kiache kukamua miwa hadi baridi iishe. Hilo likishindikana, uje wewe mwenyewe kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, uliamshe gari lako. Kitanda chako cha utotoni kipo. Mama hukibadilisha shuka kila Jumamosi, tangu Pasaka ile uliyosema uko njiani.

Nisalimie wifi Rosângela, wanenu wote wawili, na huyo meneja anayekunyima likizo miaka mitatu mfululizo.

Ni mimi, kwa heshima yote unayostahili, ambayo si nyingi,

Deolinda Furquim,
Shemasi.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha Gilmar alipofungua boneti, akacheka mpaka akakaa chini. "Bi Deolinda, petroli umetia kwenye chupa ya maji ya kuoshea kioo! Na kitanki umekijaza maji!" Amesafisha, amejaza inavyotakiwa, na asubuhi hii, pamoja na baridi yote, limewaka mara moja. Mama hajui. Bado anawaambia wauguzi kwamba kosa ni la mwanawe wa kiwandani. Njoo Jumamosi umwombe msamaha, kabla Gilmar hajamfikia na habari hizi.