Paja la Mbuzi Lilivyonitoa Darasani

Wasee, leo nimejiaibisha mbele ya wanafunzi kumi na wanne na paja la mbuzi. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaskia kwa wengine, kwa sababu hapa mtaani Huruma habari hupanda ngazi haraka kuliko mtu.

Nilikuwa na darasa la majaribio. Mama Wambui, yule wa kanisa letu anayepanga tuisheni ya likizo, alisema nifundishe bayolojia kwa muda wa saa moja aone kama naweza. Nikifaulu, mwezi mzima ni wangu. Nikishindwa, mama yangu ameshaamua: basi ya kesho asubuhi, Kitui, kwa shangazi, kuchunga kuku. (Nilimaliza sekondari mwaka jana. Kuku hawajaulizwa kama wananitaka.)

Mada ilikuwa misuli, hii inayoshika mifupa na kutusongesha. Ningechora tu ubaoni kama watu wengine. Lakini mimi siwezi kutulia na jambo rahisi. Nikasema lazima watoto waone nyuzi kwa macho yao. Saa mbili na nusu nikakimbia Kiamaiko, kwa machinjio ya mbuzi.

Guyo wa bucha alikuwa ametoka kuchinja. Paja bado linatoa mvuke.

"Dada, ngoja ipoe kidogo."

"Sina wakati. Darasa ni saa tatu."

"Hii bado iko na hasira, nakuambia."

"Wewe funga tu."

Nikadhani ni utani wa wauza nyama.

Nikafika ukumbi wa kanisa nikihema, nyama imenipasha kwapa joto. Nikaiweka mezani kwa sinia ya chai ya akina mama. Mama Wambui amekaa nyuma na daftari yake.

Nilianza vizuri, msinione hivi. Nikachambua nyama kwa kijiti. "Mnaona? Fungu ndani ya fungu. Kila uzi uko na ngozi yake nyembamba, kama zile waya za stima zimefungwa pamoja nje ya ploti." Nikakunja mkono. "Misuli huvuta tu, haisukumi. Ndiyo maana inafanya kazi miwili miwili. Huu wa mbele ukivuta, wa nyuma unalegea."

"Na ya tichaa iko wapi? Haionekani." Huyo ni Brayo, wa benchi ya kando ya mlango. Nikampuuza. Mama Wambui alikuwa anaandika. Nishajiona hapo mwezi mzima.

Sasa nikaongeza maneno ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

"Na kumbukeni, misuli haijiamulii. Bila amri ya ubongo, hii hapa ni kamba tu. Hata mngoje mwaka, haitasonga."

Njeri, msichana mpole wa mbele, akainua mkono. "Tichaa, lakini..."

"Maswali mwisho, Njeri."

Mama Wambui akainuka. Alikuwa ameona nzi. "Mwalimu, endelea. Mimi naitia chumvi tu isiharibike, tutaichoma baadaye." Akatoa mkebe jikoni, akanyunyiza.

Nyama ikasonga.

Si upepo. Ilitetemeka, ikajikunja upande mmoja, ikaachilia, ikajikunja tena, kama mtu anayetafuta mahali pazuri kitandani. Na huyo mbuzi hana kichwa, wasee. Kichwa kilibaki Kiamaiko.

Sikumbuki kuamua kitu. (Hii misuli nilikuwa nimewaambia haijiamulii. Yangu haikuniuliza.) Nakumbuka nimeruka benchi, nimekanyaga begi ya Brayo, niko nje, mlango nimefunga. Na komeo nimepiga. Kutoka nje. Watoto kumi na wanne wa watu nimewaacha ndani na hiyo kitu, pamoja na Mama Wambui, mzee wa kanisa.

Nikangoja mayowe. Badala yake ikaja sauti ya Njeri mlangoni, polepole kabisa.

"Tichaa, fungua. Ni chumvi tu."

"Njeri, inasonga."

"Husonga. Imechinjwa saa hii, nyuzi bado ziko na nguvu ndani. Chumvi inaziamsha, zinajikunja zenyewe. Nguvu ikiisha itatulia. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kusema."

"Umesoma wapi hayo?"

"Baba huchinja Kiamaiko. Sisi wote tunajua."

Wote. Nikawaskia wakiitikia "ndiyo" pamoja, kama salamu ya asubuhi. Ni mimi tu, mtu wa kula ndengu bila nyama Jumatatu hadi Jumamosi, nilikuwa sijui.

"Tichaa, imelala sasa," Brayo akasema. "Unaweza kuingia."

Nikafungua. Mama Wambui bado ameshika mkebe, uso ni wa mazishi, lakini mabega yanatetemeka (bila chumvi).

"Mutheu, msichana wangu," akasema, "hii ya misuli Njeri atatumalizia. Bayolojia nitatafuta mtu. Wewe kuanzia kesho ni wa mlango. Unafungua saa tatu, unafunga saa sita. Mkono wako nimeuona ni mwepesi."

Jioni mama akaniuliza kama nimepata kazi ya likizo. Nikamwonyesha ufunguo wa ukumbi. Hakuuliza zaidi, na nyinyi msimwambie. Kama ni lazima mcheke, chekeni chini chini. Kuku wa Kitui bado wako pale pale.