Mashine Ilinyamaza Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhulumiwa! Mkuu wa idara ametangaza kwamba somo la Alhamisi, lile la jinsi kishazi cha Kiingereza kinavyobeba mambo yanayotupata maishani, atalifundisha Kamusi. Mimi nina miaka kumi na moja chuoni hapa. Kamusi ana miwili. Jina hilo tulimpa kwa sababu ukimsalimu anakuuliza una maana gani.

Nimempongeza. Nimempa mkono. Moyoni nachemka.

Mpango: nipate nakala ya maandishi yake, niyakariri, kisha nikae nyuma ya darasa nimrushie maswali mpaka jasho limtoke. Maandishi yapo mezani kwake. Saa nne huenda kunywa chai. Rahisi!

Jumanne, 4 Machi

Si rahisi.

Katibu muhtasi, mama mtu mzima anayetunza ufunguo wa chumba cha fotokopi, alinipa ufunguo bila swali. Hata daftarini hakuniandikisha. Ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Wa pili ukakwama. Nikavuta. Mashine nayo ikavuta. Nikaegemeza mguu ukutani, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kaaa! Moshi ukafuka. Mkononi nina ukurasa vipande viwili, pamoja na kidude cheusi cha mviringo ambacho sidhani kilitakiwa kutoka. Nikakirudisha. Kikagoma. Nikakitia mfukoni.

Ukurasa nimeubandika kwa gundi, nikaurudisha mezani kwa Kamusi. Ufunguo nao nimeurudisha. Nimesema ahsante. Adabu ni muhimu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mitihani ya wiki ijayo haijatolewa kopi na mashine imekufa. Mkuu wa idara ametaka kila mmoja wetu aandike analojua, kwa Kiingereza. Asiyetaka kutaja jina asitaje. Mama huyu ana huruma!

Nimeandika sentensi tatu tu. “A noise was heard.” Sauti ilisikika. “There was smoke.” Moshi ulikuwepo. “The machine became silent.” Mashine ikawa kimya. Hakuna uongo hata chembe! Wala hakuna mtu.

Nimemsomea mke wangu akipiga pasi sare yake. Yeye ni muuguzi. Ameniambia kwamba wodini ukiandika “sindano imechomwa” bila kusema nani kachoma, wa zamu inayofuata anachoma tena. Nimemjibu kwamba sarufi si hospitali. Ameniangalia, kisha ameangalia sikio langu, ameendelea na pasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekaa nyuma na maswali yangu saba. Kamusi kaingia, kageukia ubao, kaandika sentensi tatu.

Zangu!

Mkuu wa idara kampa, eti ni mfano mzuri mno. Kamusi akaanza. Alisema kishazi ni kama chumba: ndani kuna jambo linalotokea, na kuna wahusika wake. Kama jambo ni kutenda, yupo mtenda. Kama ni kuhisi, yupo anayehisi. Kama ni kusema, yupo msemaji. Akauliza: sauti ilisikika na nani? Moshi ulikuwepo, ulitoka wapi? Mashine ikawa kimya, ni nani kainyamazisha?

Dada mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. “Mwalimu, aliyeandika haya alikuwemo humo chumbani. Masikio anayo, macho anayo. Mikono tu ndiyo kaiacha nyumbani.”

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Maswali yangu saba nikayakunja.

Kutoka, nikapita ofisini. Katibu muhtasi alikuwa anapanga vitu vyake kwenye mfuko: kikombe, sweta, picha ya wajukuu. Mwenye ufunguo ni yeye, basi mwenye kosa ni yeye. Amepewa hadi kesho ajieleze, la sivyo anahamishiwa stoo. Kabakiza miezi mitano astaafu. Akaniuliza mke wangu hajambo. Nikasema hajambo. Nikatoka, nimekishika kidude mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia kwa mkuu wa idara kabla hajavua koti. Nimeweka kidude cheusi mezani. Nimesema, “I broke the machine.” Mimi ndiye niliyeiharibu. Maneno manne. Yametoka kama jino.

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema hicho ndicho Kiingereza bora nilichowahi kumletea. Adhabu: kesho mimi mwenyewe nipeleke mitihani chuo jirani ikatolewe kopi, na nimwombe radhi katibu muhtasi mbele ya idara nzima.

Nimeomba. Yule mama akanishika mkono. “Mwanangu, ulinirudishia ufunguo ukiwa na wino mpaka sikioni. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mkeo alikesha na mama yangu siku tatu wodini. Ningekutajaje?”

Kamusi naye kumbe alijua. Kipande kimoja cha ukurasa wa pili nilikibandika kichwa chini, na wino wa sikioni aliuona. Akasema ningemwomba angenipa yote, na wiki ijayo anataka tufundishe pamoja.

Nimekwenda chooni nikalia. Nina watu! Nina mke, nina wenzangu, nina mama wa pili ofisini. Nimemshukuru Mungu kwa kila mmoja, kwa jina lake.

Jumatatu, 10 Machi

Tumefundisha pamoja. Nimepigiwa makofi. Kamusi kanifafanulia vizuri vishazi vya kuhisi visivyo na mwenye kuhisi. Ni hazina! Nashukuru sana.

Mkuu wa idara anahama mwakani. Basi nimeandika barua fupi, bila jina, nikaitia kwenye sanduku la maoni: inafahamika kwamba idara ina kiongozi mnyenyekevu mwenye miaka kumi na moja ya kazi, inahisika kwamba wakati wake wa kuongoza umefika. Inafahamika na nani? Inahisika na nani? Hayumo! Safi kabisa.

Sanduku linafunguliwa Ijumaa. Nimeuliza nani analisoma. Ni Kamusi. Bahati iliyoje! Angekuwa mtu mwingine, ningekuwa na wasiwasi.