Mkimbiaji wa Mwisho

Mamlaka ya Majengo ya Biashara ina furaha kuutangazia umma kwamba foleni zimekwisha. Tangu tumpate Mkurugenzi huyu, hatufanyi kazi kwa kukaa. Tunakimbia.

Mimi ni Afisa Uhusiano, kwa hiyo nina haki ya kujisifu kwa niaba yake. Chuoni alikuwa mkimbiaji wa mwisho katika mbio za kupokezana vijiti. Wenzake watatu walitoka jasho. Yeye akapokea, akavuka utepe, akapigwa picha. Alipokuwa wakili, vijana wake waliandaa kesi miezi sita, naye akatokea mahakamani siku ya hukumu. Akaingia kwenye biashara: kampuni aliijenga mkewe, yeye akaizindua. Mtu wa namna hii serikali haiwezi kumwacha azurure mitaani.

Sasa kila faili hukimbizwa na makarani watatu kwenye korido. Mkurugenzi husimama mlangoni kwake, mgongo kwetu, mkono nyuma. Anapokea, anasaini, hageuki. Anasema kugeuka kunapoteza sekunde.

Alhamisi alikuja mama mshonaji, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Tulikuwa tumeamuru duka lifungwe siku thelathini kuanzia kesho yake, kwa sababu kibao chake kilikaa upande.

"Mwanangu, kibao nimeshakinyoosha. Nina sare za shule nzima mle ndani, zinatakiwa Jumatatu. Mkifunga, nimekwisha."

"Pole, mama. Amri ilisainiwa kwa sekunde thelathini na nane. Ni rekodi."

"Hiyo rekodi nitaivaa? Nipeleke kwa mkubwa nimwone."

"Unaweza kumwona mgongo."

Alilia palepale mbele ya watu. Nikaona aibu, jambo ambalo halimo katika majukumu yangu.

Ijumaa saa mbili asubuhi askari wetu walifika na mnyororo na kufuli, wakafunga geti. Letu. Karani wa kwanza alikuwa amenakili anwani huku akikimbia, akachukua ile iliyochapwa juu kabisa ya karatasi, ambayo ni ya Mamlaka.

Mkurugenzi akashuka garini.

"Fungua! Unanijua mimi nani?"

"Nakujua vizuri, mzee," akasema askari. "Sahihi hii si yako?"

"Yangu. Basi naifuta."

"Kifungu cha tisa, mzee. Amri inafutwa na Mkurugenzi tu, akiwa mezani kwake, kwa muhuri."

"Mjinga gani kaandika kifungu hicho?"

Askari akafungua kitabu cha kanuni, ukurasa wa mwisho, akamwonyesha sahihi. Ilikuwa ileile.

Ng'ambo ya barabara, cherehani ilikuwa ikilia tangu alfajiri. Mkurugenzi aliniomba miwani yangu. Akasimama juani, akaanza na mstari wa kwanza wa amri ile, kidole kikifuata maneno.

Mamlaka inapenda kuufahamisha umma kwamba Mkurugenzi amesoma waraka wake wa kwanza.